Antivirusi feki isiyofutika

Dada wa Ujiji, umeuliza kuhusu antivirusi inayogoma kufutika kwenye kompyuta yako. Hiyo inayodai kompyuta imejaa virusi kisha inataka ulipie ndiyo kirusi chenyewe. Usilipe hata shilingi, wala usiandike namba ya kadi. Inagoma kufutika kwa sababu inajiwasha pamoja na Windows na kuzuia programu nyingine zisifunguke, kwa hiyo iwahi kabla haijaamka.

Shikilia Shift huku ukibonyeza Restart. Ingia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 5. Skrini ikiandika Safe Mode kwenye pembe (hali ambayo Windows inawaka na vitu vya lazima tu), shusha Microsoft Safety Scanner, programu ya kusaka virusi, kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Haihitaji kusakinishwa, na nakala yake inaisha muda baada ya siku 10, hivyo usitumie ya zamani iliyolala kwenye fleshi ya mtu. Chagua Full scan. Inachukua saa kadhaa, na kwa umeme wetu wa Kigoma laptopu iwe imejaa chaji kwanza.

Intaneti ikigoma baada ya hapo, zima proksi (kompyuta ya kati ambayo intaneti yako hupitishwa) kwenye Settings. Hizi feki hupenda kuibadilisha.