Jibu: Mwanangu anaanza kidato cha kwanza Wete, Pemba, vipi agawe muda wa skuli na chuo (madrasa)?

Waalaykum salaam bi mkubwa. Anzia usiku: baada ya Isha apange begi kwa ratiba ya kesho, sare apige pasi, saa nne awe kalala. Wengi huharibu kwa kurudi kitandani baada ya Alfajiri, gari likawaacha. Akishasali, dakika 20 apitie somo la jana.

Masomo mengi sasa ni Kiingereza, na hapo ndipo wanapokwama. Awe na daftari dogo: maneno 5 kwa siku, maana kwa Kiswahili, na sentensi aliyotunga mwenyewe. Akibeba 20 hayakai. Kabla ya kulifungua aseme "Rabbi zidni ilma", yaani Mola wangu nizidishie elimu (sura Twaha, aya 114).

Akipangiwa mkondo wa mchana, chuo kihamie asubuhi. Na kuteka maji jioni mpokezane, jamani!