Bofya au bonyeza? Na hiyo "kwa mafanikio" nani kaileta?

Msomaji wa Morogoro anaandika maelekezo ya app ya mikopo ya vikundi, anauliza: "Mwalimu, niandike bofya au bonyeza? Mfano wangu ni huu: Bofya Tuma, ombi lako litawasilishwa kwa mafanikio."

Zote sawa ndugu yangu. Kubofya ni kile unachofanya sokoni ukiminya embe kwa kidole uone kama limeiva, na bonyeza imetoka kwenye bonyea, kitu kuingia ndani kikikandamizwa. Kwa kipanya wengi wameshazoea bofya, kwa vitufe bonyeza, na kama app yako ni ya simu za kugusa basi andika gusa. Ila ukichagua moja ling'ang'anie hilo hilo, usimpe mtu bofya hatua ya kwanza na bonyeza hatua ya pili akadhani ni vitu viwili tofauti.

Sasa hiyo "kwa mafanikio" ndo imenipandisha presha. Imejaa kila mahali, faili limehifadhiwa kwa mafanikio, nywila imebadilishwa kwa mafanikio, hadi umetoka kwa mafanikio! Hivi ukiosha vyombo unamwambia mama nimeviosha kwa mafanikio? Si unasema nimeshaosha, basi. Hiyo -me- peke yake inatosha, ukitaka kukazia una -mesha-, na kama kitu hakijafanyika tunayo -ja-. Mtu kakuta neno la Kiingereza "successfully" akaona lazima alitafutie kiti kwenye sentensi ya Kiswahili, wakati kazi yake ilishafanywa na kitenzi.

Na inaumiza watu kweli. Shangazi yangu aliomba mkopo kwa simu, ikaja meseji "Ombi lako limewasilishwa kwa mafanikio". Akasoma mafanikio, akajua kapata, kesho yake akachukua mabati kwa mali kauli. Siku ya nne jibu likaja, mkopo hakuna, na mabati yameshapigwa misumari. Hakukosea kusoma, kwa Kiswahili chetu ombi lenye mafanikio ni lile lililokubaliwa. Aliyekosea ni aliyeandika.

Na tusisingizie kwamba lugha haitoshi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, maneno tunayo siku nyingi. Tunachokosa ni mtu wa kukaa na kujiuliza shangazi ataelewaje.

Kwa hiyo wewe andika hivi: "Gusa Tuma. Ukishatuma, tutakujibu kwa SMS. Kabla ya SMS hiyo, mkopo bado haujakubaliwa." Jibu linachukua siku ngapi nalo litaje kwa tarakimu, hapo hapo chini ya kitufe, siyo kule kwenye vigezo na masharti ambako hakuna anayefika.