Magunia 20 na dumuzi: mifuko, dawa, kihenge au kuuza mapema?

Swali: Shikamoo bwana shamba. Niko Kongwa, Dodoma. Msimu huu nimepata magunia 20 ya mahindi. Mwaka jana niliweka kwenye viroba vya kawaida, kufika Januari manne yamebaki unga mtupu. Sasa kila mtu ana lake. Dukani wanasema dawa ya unga. Kikundi chetu wanasema mifuko ya kinga njaa, huku ni sh 5,000 mmoja. Shemeji anataka tuchange kihenge cha bati cha magunia 10. Mume wangu anasema tuuze yote sasa kwa sh 60,000, ya kula tutanunua mbele ya safari. Januari iliyopita gunia lilifika sh 105,000. Tunakula gunia moja kwa mwezi. Nishike lipi?

Jibu: Marahaba mama. Huo unga uliokuta ni wa dumuzi, mdudu mdogo wa ghalani. Fukusi, mdudu mwingine wa mahindi, hutoboa punje akaiacha na tundu, dumuzi huisaga. Dumuzi si mdudu wa kwetu, asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na hapa nchini alianza kuonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watu wakamwita Scania, kama lile lori, kwa jinsi anavyofanya kazi. Nakueleza haya kwa sababu dawa inayotosha kwa fukusi haimtoshi yeye.

Tuanze na dawa ya unga. Ile nzuri ina viambata viwili, kimoja cha fukusi na kingine cha dumuzi, kwa hiyo soma pakiti: lazima dumuzi awe ametajwa. Ni rahisi, na ukichanganya vizuri juu ya turubai inafanya kazi. Ubaya wake ni kwamba nguvu inapungua kadiri miezi inavyokwenda, hasa chumba kikiwa na joto, nawe unataka kufika Juni mwakani. Halafu kuna dawa za kupimwa kwa kijiko sokoni. Hizo usinunue hata kwa bure. Dawa isiyo na lebo huwezi kujua kipimo chake wala siku za kusubiri kabla ya kula.

Kihenge cha bati sikikatai. Panya hagusi, na kikifungwa vizuri hewa haiingii, wadudu wanakufa. Lakini fikiria jikoni kwako: unafungua kila wiki kuchota debe la kusaga, na kila ukifungua hewa mpya inaingia. Tena ni hela nyingi kwa mkupuo, na mahindi yakiwa na unyevu kidogo tu, bati linatoa jasho usiku na juu panaanza kuota ukungu. Kinamfaa mwenye mahindi mengi ya kufungua mara moja, siku ya kuuza.

Mume wako naye ana hoja, usimcheke. Mahindi yaliyouzwa hayaliwi na dumuzi, na bei ya Januari haina mkataba na mtu. Mwaka 2017 Serikali ilipozuia mahindi kutoka nje ya nchi, bei ilianguka na waliosubiri wakaumia. Ila kuuza chakula cha nyumbani kwa 60,000 ili ukinunue tena kwa 105,000, hapo simuungi mkono.

Mifuko ya kinga njaa ndiyo ningeitegemea zaidi. Ndani ina nailoni mbili nzito, nje kiroba. Wadudu waliomo wanavuta hewa mpaka inakwisha, wanakufa bila dawa yoyote. Udhaifu wake ni tundu. Panya akitafuna, au kipande cha gunzi kikichoma nailoni, umenunua kiroba cha bei ghali. Dumuzi aliye nje naye anaweza kutoboa. Kwa hiyo pepeta vizuri, na kabla ya kujaza, puliza kila nailoni, sokota mdomo, ikandamize karibu na sikio. Ikisema "fsss", weka kando. Ukishajaza, shindilia ili hewa itoke, sokota shingo ya nailoni ya ndani, ikunje na uifunge kwa mpira wa baiskeli. Fanya hivyo kwa ya pili, kisha kiroba. Usiiegemeze ukutani wala kuilaza chini, weka juu ya mbao.

Sasa hesabu. Uza matatu leo, 180,000. Matatu ya kula hadi Septemba yakae kwenye viroba vya kawaida, chumba kingine kabisa, kwa sababu humo ndimo dumuzi atakapozaliana. Yanabaki 14, mifuko 14 ni sh 70,000, inatoka kwenye hayo uliyouza na chenji inabaki. Tisa ni chakula cha Oktoba hadi Juni, fungua mmoja mmoja. Matano ni ya Januari. Bei ikirudi ile ya mwaka jana, matano hayo yanakuongezea 225,000 juu ya bei ya leo. Isiporudi, bado ni mahindi mazima. Na mifuko isiyotoboka utaitumia tena mwakani.

Yote haya yanasimama juu ya mahindi makavu. Mabichi ndani ya nailoni yanaoza, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu, ile iliyoua watu hapo Dodoma na Manyara mwaka 2016. Usipime kwa meno. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi uliyoianika juani, kama vijiko vitatu, ongeza mahindi hadi theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika chache, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi kwenye turubai. Isipoganda, funga.

Viroba vya mwaka jana vichemshe kabla ya kuvitumia, na chumba ufagie hadi kwenye nyufa, unga wote wa zamani uuchome. Na akitokea mtu wa kukuuzia vidonge vya kufukiza, mkatalie. Gesi yake inaua watu waliolala nyumba hiyohiyo, na wewe mahindi yako yako chumbani.