"Pick up" si kuokota tu: jibu kwa aliyeuliza maana na visawe vyake

Assalaam alaykum ndugu yangu. Umeeleza kwamba unajiandaa kwa usaili wa kazi ya mapokezi hotelini, kwamba kamusi uliyonayo imekupa neno "okota" kwa "pick up" ilhali mwalimu wako amekwambia ni "chukua", na kwamba katika mazoezi uliyofanya kuna mahali ambapo maneno yote mawili yamekataa. Umeuliza lipi kati yao ni sahihi, visawe vyake ni vipi, na kwa nini mara nyengine maneno hayo ya Kiingereza hutenganishwa. Mimi nimekulia Pemba, kisha nikafanya kazi ya mapokezi Mji Mkongwe kwa miaka kumi na moja, na nitakujibu kwa yale niliyoyapitia.

Naanza na shamba la karafuu. "Pick" peke yake ni kuchuma. Msimu ukifika, mchumaji hupanda mkarafuu, huvuta tawi, hukata kishada kwa mkono na kukitia kikapuni. Kwa Kiingereza hiyo ni "pick". Chini ya mti huohuo wako watoto na bibi zao, wameinama juu ya majani makavu, wanaokota moja moja zile zilizodondoka. Hiyo sasa ni "pick up". Kijineno "up" ndicho kilichogeuza kuchuma kuwa kuokota, kwa sababu kinaonyesha kitu kikitoka chini kuja juu. Ishike picha hiyo ya kitu kilichokuwa kimelala, au kinangoja mahali, kikaingia mkononi mwa mtu, kwani maana nyingi utakazokutana nazo zimechipuka hapo.

Kwa hiyo kamusi yako haikukosea, wala mwalimu wako hakukosea, ila kila mmoja amekupa tawi moja la mti mkubwa. Ukinyanyua begi la mgeni kutoka sakafuni, ni "pick up". Ukienda kumpokea uwanja wa ndege au kumpitia bandarini, ni "pick up" vilevile, na hapo "okota" halifai kabisa, maana mtu mzima mwenye heshima zake haokotwi. Simu ikilia ukaipokea, ndilo neno lilelile. Redio ikinasa matangazo kutoka mbali, ndilo. Mtu akiwalipia wenzake bili ya chakula, ndilo. Ninalolipenda zaidi ni la lugha: mgeni aliyekaa Jambiani miezi mitatu akaondoka anajua kuamkia na kununua samaki, hali hakuingia darasani hata siku moja, husemwa "he picked up some Swahili", yaani ameidaka kwa kusikia watu wakizungumza. Ukitumia "learned" mahali hapo hujakosea, lakini umeiacha nje ile khabari ya kwamba hakuna aliyemfundisha, nayo ndiyo khabari yenyewe.

Tazama pia sentensi ambazo hazina kitu kinachochukuliwa. Nahodha akiwaambia wageni "the wind is picking up", anawajulisha kwamba upepo unakaza. Hoteli zetu nyingi hukaa kimya wakati wa masika, Aprili na Mei, kisha Juni ikiingia "business picks up", biashara huchangamka. Hapa hapana mwokotaji wala kinachookotwa. Ni jambo lenyewe linaloinuka. Kipimo ninachowapa vijana wapya kazini ni hiki: tafuta kwanza kama baada ya kitenzi kuna shamirisho, yaani kile kinachotendwa. Ikiwa lipo, liulize ni kitu gani, ni mtu, simu, lugha au maradhi, nalo litakuchagulia kitenzi cha Kiswahili. Ikiwa halipo, mara nyingi fikiria kuinuka, kuzidi au kuwa afadhali.

Nimetaja maradhi kwa makusudi. Katika mwaka wangu wa kwanza kazini, mgeni mmoja mwanamke alirudi kutoka pwani ya mashariki, na asubuhi yake akatuletea ujumbe wa maandishi: "I picked something up in Paje and I need help." Niliusoma mara mbili, nikaamini kwamba amenunua kitu kizito huko Paje na anahitaji wa kumbebea. Nilimtuma kijana wa mizigo na kigari chake. Kijana alikuta mlango wa chumba uko wazi kidogo, mgeni amejikunja kitandani, midomo imemkauka, ametapika usiku kucha. Alikuwa ametuambia kwamba ameambukizwa kitu huko alikotoka. Daktari alikuja na akapona, lakini karibu saa nzima ilikuwa imepotea tangu ujumbe ufike mikononi mwangu, na saa hiyo iliniuma sana. Tangu siku hiyo kila nikiona "pick up" na "something" pamoja, huuliza swali moja zaidi kabla ya kumtuma mtu yeyote.

Kuhusu visawe, vipo vingi, na kila kimoja kinakaa kwenye tawi lake: kwa mgeni wa bandarini "collect" au "fetch", kwa simu "answer", kwa lugha "learn" au "acquire", kwa maradhi "catch" au "contract", kwa biashara "improve", kwa mazungumzo yaliyokatika kisha yakaendelezwa "resume". Huwezi kukitoa kimoja kwenye tawi lake ukakipachika kwa jirani. Utaona pia kwamba baadhi yake, kama "collect", "acquire" na "resume", vina sauti ya ofisini. Asili yake ni Kilatini, na maneno ya namna hiyo yaliingia kwa wingi Uingereza baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka nchi hiyo mwaka 1066, ilhali "pick" na "up" ni maneno ya kienyeji. Sisi tunalijua jambo hili kutoka kwetu wenyewe: nyumbani tunasema mgeni amefika, kwenye taarifa ya habari amewasili, mtoto amemaliza skuli, kwenye cheti amehitimu. Basi katika barua rasmi ya hoteli andika "collect", na ukizungumza na mgeni mdomo kwa mdomo sema "pick up".

Usione kwamba udhaifu ni wako. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake London mwaka 1755, alieleza katika dibaji kwamba vitenzi vinavyobadilishwa maana na kijineno cha nyuma ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kabisa. Na wageni nao hutaabika kwetu. Mfanyakazi mwenzangu kutoka Ulaya aliwahi kuniomba nimpe neno moja la lugha yake linalolingana na "piga". Nikamtajia piga simu, piga pasi, piga picha, piga mswaki, piga hodi, na mwisho tulikubaliana kwamba neno hilo moja halipo.

Tahadhari moja ya adabu. "I will pick you up at eight" ni ahadi safi ya kumpitia mtu saa mbili. Lakini ukisikia kwamba mwanamme fulani "tried to pick her up" kwenye baa, maana yake alikuwa akimtongoza mtu asiyemjua, kwa hivyo mgeni akikulalamikia kwa maneno hayo, lichukue lalamiko lake kwa uzito.

Limebaki suali la kutenganisha. Jina la mtu au kitu linaweza kukaa nyuma au katikati: "pick up the guest" na "pick the guest up" zote ni sawa. Kiwakilishi kikiwa ndicho shamirisho hukaa katikati tu: "pick him up", "pick it up". Usiandike "pick up him" kwenye usaili wako. Na panapokuwa na maana ya kuinuka kusiko na shamirisho, kama ule upepo wa nahodha, maneno hayo mawili huyatenganishi.