Bundi ni Jirani, si Ndege wa Kufugwa

Swali la wiki hii linauliza kama bundi anafaa kufugwa nyumbani jinsi watu wafugavyo kasuku au njiwa. Jibu langu ni hapana, na ningependa kulieleza bila kuegemea habari za uchuro. Wasomaji wengi, wakisikia jina la bundi, hufikiria kwanza paa la nyumba, mlio wa usiku na msiba, mjadala ukaishia hapo. Na yule asiyeamini mambo hayo huona kwamba, akishayakanusha, hakuna tena kinachomzuia kumfuga. Kizuizi kipo, nacho kimo katika maumbile ya ndege mwenyewe.

Kikubwa ni chakula. Bundi hula nyama peke yake, wala si nyama ya buchani. Humla panya mzima, pamoja na manyoya, mifupa na utumbo, kisha baada ya saa kadhaa hutema donge la manyoya na mifupa ambayo tumbo halikuweza kuyeyusha. Ile sehemu ya mifupa ya panya inayoyeyuka tumboni ndiyo inayompa madini ya kujengea mifupa yake, na kwa hiyo kinda anayelishwa vipande laini vya nyama ya ng'ombe, kwa nia njema kabisa, hukua na miguu iliyopinda na mbawa dhaifu. Bundi tuliyemzoea zaidi kwenye mapaa na minara, yule mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo, huweza kumaliza panya wadogo watatu au wanne kwa usiku mmoja, jambo ambalo kwa hesabu ya mwaka linapita panya elfu moja. Huko Uingereza, ambako sheria inaruhusu watu kumiliki bundi waliozaliwa kizuizini, wafugaji hununua vifaranga wa kuku wa siku moja waliogandishwa na kuwahifadhi kwenye friza. Huku kwetu mfugaji atalazimika kutega panya mtaani, asijue ni yupi aliyekwisha kula sumu, au atafute mke au mume atakayekubali panya walale friji moja na samaki wa kesho. Na huo ni mzigo wa muda mrefu, kwa kuwa bundi aliye kizuizini anaweza kuishi zaidi ya miaka 15.

Jambo la pili, ambalo wengi hawalifikirii, ni kwamba bundi hana haja ya urafiki wetu. Kasuku ni ndege wa kundi. Huko msituni huishi na wenzake, huitana nao na kuchambuana nao manyoya, na akitengwa nao huhamishia mahitaji hayo kwa binadamu, ingawa hata yeye huumia kwa kutengwa huko. Bundi huishi peke yake au na mwenzi wake, na sehemu kubwa ya mchana hukaa kimya bila kujitikisa ili ndege wengine wasimgundue na kumzonga. Ukimya huo ndio unaomdanganya mgeni. Baadhi ya bundi wadogo, wakiogopa, hujinyoosha wakawa wembamba kama kijiti na kufumba macho nusu, nasi tukiwatazama tunadhani wametulia au wanafurahia kuguswa. Macho yake makubwa yanayotazama mbele, yasiyoweza kuzunguka katika matundu yake kiasi kwamba hana budi kugeuza kichwa kizima hadi nyuzi 270, hutufanya tuone uso wa mtoto mahali ambapo pana uso wa mwindaji. Nadhani mikahawa ya bundi ya Japani, ambamo wateja hulipa ili wawaguse ndege wa usiku waliofungwa miguu kwa kamba mchana kutwa, isingepata biashara kama macho hayo yangekuwa pembeni mwa kichwa kama ya kuku.

Watu wataniambia kwamba kinda akichukuliwa mapema huzoea. Ni kweli, na hapo ndipo penye tatizo kubwa zaidi. Kinda anayelelewa na mtu peke yake tangu siku zake za mwanzo hukua akiamini kwamba yeye na mtu ni jamii moja. Jirani yetu mmoja huku Tanga alimlea bundi wa namna hiyo, aliyetolewa darini wakati mabati yalipokuwa yakibadilishwa, na kwa miezi ya mwanzo kila mtoto wa mtaa alikwenda kumtazama akilishwa kwa mkono. Alipopevuka, alimchukulia yule jirani kuwa mwenzi wake na ua wote kuwa himaya yake, akawa anawashukia wageni kichwani kwa kucha kila jioni ilipoingia, na kuanzia magharibi hadi alfajiri akipiga kelele ya kukwaruza ambayo hakuna aliyeweza kulala nayo. Hakuwa mkali kwa sababu alifunzwa vibaya. Alikuwa anafanya yale ambayo bundi mzima hufanya kulinda eneo lake. Kumwachia huru nako kulikuwa hatari, kwa sababu hakuwahi kujifunza kuwinda wala kuwaogopa watu, na katika mitaa ambayo bundi hupigwa mawe, ndege asiyeogopa watu hadumu.

Kuhusu sheria sitakaa sana. Tanzania kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na Kenya kwa sheria yake ya mwaka 2013, zinamtaka mtu awe na kibali kabla ya kukaa na mnyamapori hai, na biashara ya bundi wa aina zote kuvuka mipaka inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea walio hatarini. Linalonitia wasiwasi zaidi ni mtindo. Watafiti walioandika mwaka 2017 kuhusu masoko ya ndege ya visiwa vya Java na Bali, Indonesia, walieleza jinsi bundi, waliokuwa wachache sokoni hapo zamani, walivyoongezeka sana baada ya kuenea kwa hadithi za Harry Potter, mvulana mchawi anayefuga bundi, hata wauzaji wakawa wanawaita ndege wa Harry Potter. Wengi wao walikuwa wamekamatwa porini. Sisi tuna bundi mdogo wa Pemba, asiyepatikana kwa asili mahali pengine popote duniani, na yule wa Sokoke, anayeishi katika msitu wa Arabuko-Sokoke huko Kenya na chini ya milima ya Usambara Mashariki. Ndege wenye makazi finyu kiasi hicho hawawezi kustahimili mtindo wa namna hiyo hata kwa miaka michache.

Anayeokota kinda asiharakishe kumpeleka ndani. Makinda wa baadhi ya bundi wakubwa hutoka kiotani kabla hawajaweza kuruka vizuri, wakakaa chini au kwenye matawi ya karibu huku wazazi wakiendelea kuwalisha usiku, na mara nyingi tunayemwita yatima ana mama anayetutazama kutoka mtini. Kama hana jeraha, inatosha kumweka juu kidogo, mbali na mbwa na paka, kisha kuondoka. Mwenye jeraha ni wa kukabidhiwa maofisa wa wanyamapori, au, kwa walio Kenya, kituo cha ndege wawindaji cha Kenya Bird of Prey Trust kilichopo Naivasha.

Na kwa anayempenda bundi kweli, lipo jambo bora kuliko tundu, nalo ni sanduku la mbao lililopigiliwa ukutani au mtini, angalau mita tatu kutoka ardhini, lenye mlango wa sentimita 13 hivi, na kina cha sentimita 45 kutoka mlango hadi sakafu ili makinda wasitoke mapema na kuanguka. Asitegemee miujiza. Watafiti waliofanya jaribio katika mashamba ya mahindi huku Tanzania, na kulichapisha mwaka 2006, waliona kwamba pale ambapo ndege na wanyama wawindaji walizuiwa kwa nyavu, panya shamba waliongezeka haraka zaidi. Lakini kuwavutia ndege hao kwa nguzo na masanduku hakukuleta tofauti kubwa na shamba la kawaida. Kwa hiyo bundi wa sandukuni hatamaliza panya wote wa ghala, ila atakula sehemu yake kila usiku bila kulishwa na mtu. Sharti lake ni moja tu: mwenye nyumba, na ikiwezekana majirani zake, waache kutega kwa sumu, kwa maana panya aliyekula sumu hafi papo hapo, bali huzubaa siku kadhaa akiwa mwepesi kukamatwa, na sumu iliyomo mwilini mwake humfuata bundi na makinda waliomo sandukuni.