Jibu: Nihamie Karen au nibaki Ruaka?
Ndugu, umesema kodi ya nyumba Karen, mtaa wa hapa Nairobi, ni karibu mara mbili ya hiyo unayolipa Ruaka, pembeni mwa jiji, na mama watoto anataka nyasi na miti. Namwelewa kabisa. Lakini si kodi itakayokuumiza. Ni vile vinavyoizunguka. Kuna mlinzi wa usiku, mtu wa kukata ua, lori la maji kisima kikigoma, na mafuta ya gari. Hayo mafuta ndiyo balaa. Viwanja vya kule vingi ni nusu ekari kwenda juu, kwa hivyo hakuna mama mboga chini ya ngazi: ukiishiwa dania saa moja jioni, unawasha gari. Matatu za namba 111 zinapita Ngong Road, sawa, ila kutoka steji hadi geti dada wa nyumba atatembea, mvua au jua.

Kama watoto wanasoma upande huo, hama tu, mtaokoa asubuhi zenu. Kama bado wanasoma Ruaka, mimi ningebaki huko kwanza, shule ni karibu na bei haitishi hivyo. Na popote utakapoenda, uliza habari za maji kabla ya kulipa dipoziti.