Kupanga asilimia za wagombea kwenye gemu ya uchaguzi wa Marekani

Usianze na asilimia ya taifa. Ikulu ya Marekani hupatikana kwa wajumbe 270 kati ya 538 wanaomchagua rais kwa niaba ya majimbo, na wajumbe hao hugombewa jimbo kwa jimbo. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa takriban pointi 2 nchi nzima, lakini Michigan, Pennsylvania na Wisconsin zikamponyoka, kila moja kwa chini ya pointi 1. Ukikosea kidogo kwenye majimbo kama hayo, gemu inakupa rais mwingine.

Nakili kwanza faili la uchaguzi unaotaka kubadilisha, ufanyie kazi ile nakala. Jaza kila jimbo matokeo ya uchaguzi uliopita. Kama mgombea wako sasa yuko pointi 2 juu ya alichopata chama chake wakati ule, ongeza 2 kila mahali, kisha rekebisha majimbo yenye kura za maoni za kwao. Chukua wastani wa kura za maoni kadhaa, kwa sababu moja yenye wahojiwa 1,000 inaweza kupotoka kwa pointi 3 hivi juu au chini.

Wanaoharibu zaidi ni wapiga kura wasioamua. Ukiwaacha sifuri, matangazo na mikutano havina wa kumvuta. Ukiweka 25, kashfa moja tu inageuza ramani nzima. Kwa wiki za mwisho, 6 hadi 8 inatosha. Usiwakate kwa mgombea mmoja: zidisha kila asilimia kwa 0.92, hivyo 52 kwa 48 inakuwa 47.8 kwa 44.2, na 8 wanabaki hawajaamua. Hakikisha jumla ni 100.

Ukitaka kujua hali ya kitaifa, usijumlishe majimbo ukagawa kwa idadi yake. California ilipiga kura zaidi ya milioni 17 mwaka 2020, Wyoming chini ya laki 3. Zidisha asilimia ya kila jimbo kwa wapiga kura wake, jumlisha, ndipo ugawe kwa wapiga kura wote.

Kosa jingine ni kumpa mgombea asilimia kubwa kisha kumwongezea mvuto na ufasaha wa midahalo. Kura za maoni tayari zimebeba mvuto huo, kwa hiyo unamlipa mara mbili. Iache kompyuta icheze pande zote mara 20. Mgombea mmoja akishinda zote katika kinyang'anyiro ulichokusudia kiwe cha karibu, gusa kitu kimoja tu, urudie.

Kwenye mchujo wa chama cha Democratic, yaani kura za kumpata mgombea wa chama, hesabu ni nyingine. Asiyefika 15% jimboni hapati wajumbe wa mkutano mkuu wa chama wanaogawiwa kwa kura za jimbo zima. Ukimpa mgombea 14 kila mahali atatoka mikono mitupu au karibu na hapo. Mpe 22 kwenye majimbo anakokubalika na 8 kwingine, naye atadumu.